Jibu Nililolifuta

Harufu ya raba iliyosuguliwa kwenye karatasi hadi ikapata moto inanipandisha hasira mpaka leo. Juzi binamu yangu alikuwa anafuta hesabu zake mezani, nikatoka nje nikasimama kwenye maegesho mpaka nikatulia.

Ndio kwanza tulikuwa tumehamia Sugar Land, ughaibuni, kutoka Tanga, mwaka 2018, nami nina miaka kumi. Hesabu nilikuwa naziweza, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Shuleni kulikuwa na kundi la watoto wanaofundishwa hesabu za darasa la mbele, na mwalimu wetu, tuliyemwita Miss tu, ndiye aliyechagua wa kuingia. Nililitaka kundi lile kuliko chakula.

Sasa nisikilizeni. Kwetu, mtu mzima akikuuliza, “Hapa umefanyaje?” hajakuuliza kitu. Ameshakukamata na kosa. Mama akisema hivyo nikiwa nasukuma chapati, nilikuwa sijibu. Nainamisha macho, nafinyanga donge upya. Kumjibu ni kubishana naye, na mtoto mbishi nyumbani kwetu alijua kinachomfuata. Miss naye alikuwa na mtindo wa kuzunguka kati ya madawati, anachungulia daftari la mtu, kisha anauliza kwa Kiingereza chake kitamu, “Umelipataje hilo?” Wenzangu walimweleza mpaka mate yakawakauka. Mimi nilinyamaza, nikafuta, nikaandika jibu jingine. Lilikuwa la uongo, maana la kweli ndilo nililokuwa nimelifuta.

Wiki zikaenda hivyo. Mwishowe Miss akamwita Mama, naye Mama akaja na sare yake ya kazi ya hospitali, macho yamemvimba kwa usingizi. Akaambiwa binti yako anabahatisha, kundi lile halimfai. Mama akaitikia “yes, yes” kwa adabu zake zote, asiulize hata neno.

Kwenye gari ndipo alipoanza. “Haya, usiyefunzwa na mamayo, utafunzwa na ulimwengu.”

Nikamwambia nilikuwa nafuta kwa sababu Miss aliniuliza.

“Kufuta ulifanya adabu,” akasema. “Lakini ungepata, asingekuuliza.”

Nilimchukia Miss, nikamchukia na Mama. Mwaka ule wote nikakaa meza ya nyuma, napanga vipande vya plastiki vya kuhesabia na watoto waliokuwa bado hawajui kugawanya.

Ukubwani ndipo nilipolielewa swali lile. Miss alitaka nimweleze njia niliyopita. Kwao, asiyeweza kueleza hajui. Ninaowasimulia hucheka, huniambia msamehe bibi wa watu, ni malezi tu yaligongana. Na kweli nilishakaribia kumsamehe. Kisha nikakumbuka alivyokuwa akisimama nyuma ya bega langu. Hakuwahi kuuliza kabla ya kusoma nilichoandika. Jibu la kweli aliliona, kila mara, likiwa bado lipo kwenye karatasi. Akanitazama nikilifuta, akaenda kuandika kwamba sijui.