Neno Nililolimeza

Asubuhi ile Mogadishu mama alikuwa jikoni akikanda unga, na mimi nagombana na dada yangu Hodan juu ya mtandio. Hodan alikuwa na mimba ya miezi miwili, mimba ya kwanza. Shangazi Faduma, mkunga wa mtaa wetu, aliyekaa na mama jikoni, alimtania kwamba akila sana mtoto atanenepa na kukwama. Kwetu wasichana wote tulikeketwa na kushonwa utotoni, na mwanamke akifika kujifungua, mkunga ndiye humfungua. Hodan hakuwa na hofu. Shangazi alikuwepo.

Kombora la kwanza lilipiga duka la jirani. Sisi wawili tulikimbilia uani.

La pili lilipiga jikoni.

Mama na shangazi tuliwazika kaburi moja, kabla ya adhuhuri.

Yusuf, mume wa Hodan, alikuwa dereva wa lori. Alitupitisha mpaka Mombasa, nikaosha vyombo vya watu miezi minne na kuokota Kiswahili. Kisha Yusuf akasikia Tanzania watu binafsi wameruhusiwa kufanya biashara, malori yanatafuta madereva kwenda Malawi. Ndivyo tulivyofika Tukuyu. Yusuf alivuka mpaka mara ya tatu, hakurudi. Hadi leo sijui kilichompata.

Tulikaa kijiji cha Masoko, kwa Bibi Tupokigwe, mjane mwenye migomba na kahawa kidogo. Mvua ya kule haina adabu, inaingia bila hodi. Bibi alipika ndizi kwa maziwa kila siku, na kila siku Hodan alisukuma sahani kama shangazi alivyomfundisha. Bibi alidhani tunadharau chakula chake. Nilimwachia adhani hivyo, maana kumweleza kulihitaji maneno ambayo sikuwa tayari kuyatamka.

Mimba ilipofika miezi minane, Bibi alitupeleka mjini, kwenye zahanati mpya ya mtu binafsi. Tabibu alikuwa kijana mpole. Alimpima Hodan tumbo, hakumpima kwingine, akaniuliza kama kuna jambo lolote anapaswa kulijua.

Hodan alinishika mkono, akasema kwa Kisomali. "Mwambie nilishonwa. Mwambie lazima nikatwe ndipo mtoto apite, na asiyejua ataniua."

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kwetu neno lile halisemwi mbele ya mwanamume, na msichana akilisema huonekana hana malezi. Bibi naye alikuwa amekaa pale akinitazama. Nchi yangu ilikuwa imeungua, mimi nikabaki nalinda heshima.

"Anasema anaogopa kuzaa, daktari."

Alicheka kidogo, akasema mimba ya kwanza wote huogopa. Hodan akauliza amesemaje. Nikamwambia ameelewa, atakuwa tayari.

Uchungu ulianza alfajiri, wiki tatu baadaye. Majirani walimbeba kwa machela ya miti hadi barabarani, tukapata pikapu iliyobeba chai. Tulifika zahanati saa nne.

Tabibu hakuwepo. Muuguzi alifunua shuka, akarudi nyuma.

Aliniuliza kama hii ni ajali ya moto. Hapo nikalisema, lote, nikipiga kelele.

Alisema hajawahi kuona kitu hicho, akikata vibaya damu haitazuilika. Akatuma mtu kutafuta gari la kwenda hospitali kubwa.

Hodan alikuwa akimwita shangazi.

Gari lilikuja saa nane. Hospitali walimfungua, wakamtoa mtoto wa kiume, mnene, amekufa. Bibi Tupokigwe alimwosha, akalia kwa Kinyakyusa, nami nikaona aibu kwamba analia vizuri kuliko mimi.

Hodan alipona, lakini mkojo haukushikika tena. Siku ya tisa aliniuliza swali moja.

"Yule tabibu, ulimwambia?"

"Nilimwambia."

Tangu hapo amemlaani kijana yule kwa jina, katika kila swala. Miaka mingi baadaye Hodan alichukuliwa Kanada pamoja na wakimbizi wengine, huko wakamtibu mkojo. Mtoto mwingine hakupata. Tukizungumza kwa simu bado humtaja, na mimi huitikia amina.

Mama na shangazi walichukuliwa na vita. Mtoto yule siwezi kuvisingizia vita. Nimeandika haya kwa Kiswahili kwa sababu Hodan hajui kukisoma.