Kabureta Niliyoichagua kwa Macho

Kuna siku moja naikumbuka kuliko zingine, mwanangu: siku niliyopeleka aibu kwenye sherehe ya watu. Nilikuwa kijana, mkimbizi kutoka Kongo, nina shamba dogo kambini Nakivale, huku Uganda, na mjini Mbarara najifunza ufundi wa magari kwa Fundi Gaspari, Mrundi asiyesema mingi.

Mwalimu Tumwine, mzee mstaafu wa pale mjini, alikuwa na gari la zamani, Pijo, alilolitunza kama ng'ombe wa urithi. Alitaka binti yake aondoke nalo nyumbani siku ya kuhingira, Wanyankole wanapomuaga binti anayeolewa. Lakini kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, ilikuwa imekufa, na mpya za aina ile hazipatikani. Gaspari akanituma kwa wauza vyuma nitafute kuukuu ya kufufua.

Nilikuta mbili. Moja imegandwa na oili na vumbi, hata rangi yake huioni. Nyingine inang'aa kama sahani ya arusi. Ile chafu sikuigusa kabisa. Ujana, mwanangu, una macho makubwa na vidole vifupi.

Gaspari alikuwa amesafiri kwenda Kikagate, nami sikutaka kumngoja. Nikafunga iliyong'aa, gari likawaka, nikajisifu. Siku ya sherehe Mwalimu alishika usukani, mimi kando yake, binti nyuma. Likazimika njiani, petroli ikidondokea injini ya moto. Tukamtoa binti mbio, ameshikilia gauni lake mkononi. Hakuna aliyeungua, Mungu ni mwema. Lakini alifika kwa mumewe juu ya pikipiki ya boda.

Gaspari aliporudi, aliiweka ile kabureta juu ya kioo, ikayumba, maana uso wake ulikuwa umepinda. Akatikisa mhimili unaofungua njia ya hewa. Ukacheza kama jino bovu. Akakwangua rangi kwa kisu. Chini yake palikuwa na ufa uliozibwa na gundi.

"Weye umeoa nguo," akaniambia. "Mtu mwenyewe hukumtazama. Sasa nenda kwa Mwalimu, umwambie kwa mdomo wako."

Nilienda, nikamweleza yote. Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho.

"Mtoto wangu ni mzima," akasema. "Kwa hiyo gari utalitengeneza tena. Safari hii nitakaa hapo nikutazame."

Nikairudia ile chafu kwa wauza vyuma. Mhimili wake imara, uso wake umenyooka, skrubu zote zipo. Nikailoweka, nikaisugua siku mbili, Mwalimu akinitazama kutoka kwenye kiti chake. Gari hilo linatembea mpaka leo, na dereva wake ni yule binti.

Basi nisikilize. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ukichagua kabureta kuukuu, usiogope uchafu; uchafu unaoshwa. Tikisa mhimili. Pima uso wake juu ya kioo. Tafuta ufa kwa ukucha. Linganisha namba zake na za ile ya gari. Ikikosa skrubu, utaipata fasi ingine. Mwili ukipasuka, hauna dawa. Na ukikosea usijifiche, maana mficha uchi hazai.

Mungu akupe mikono yenye subira, mwanangu. Watu wakupe funguo zao bila wasiwasi, na kila anayepanda gari ulilolitengeneza wewe afike kwao salama.