Mkono wa Jumbe wa Kawe

Siku ya kwanza kazini sikupewa kazi, nilikatwa kucha. Nilikuwa msichana wa Kawe, kucha zangu ndefu nimezitia hina vizuri, na Bi Lian akazikata zote uani kwake. Mumewe alikuwa Mchina aliyenunua majongoo ya baharini kwa wavuvi na kuyakausha. Bi Lian mwenyewe aliwatuliza wanawake wasiolala, wenye hofu, wanaolia bila kupigwa. Wakati huo bado tunatawaliwa na Mwingereza.

"Kucha inaumiza, Tatu," aliniambia. "Mtu mwenye hofu ukimuumiza, humpati tena."

Dawa yake haikunywewa wala haikufukizwa. Ilikuwa kubonyeza tu. Unalaza vidole vitatu upande wa ndani wa mkono wa mgonjwa, kuanzia mkunjo wa kifundo. Pale kidole cha tatu kinapoishia, katikati ya kano mbili, unabonyeza kwa dole gumba, taratibu, mpaka ashushe pumzi. Hapo ni pa moyo unaokimbia. Kati ya dole gumba na kidole cha shahada ni pa kichwa kinachouma, ila mjamzito hapo habonyezwi kabisa. Na neno alilolirudia kila siku: "Vidole vitaona mengi. Wewe usiseme."

Bi Lian na mumewe walipohama, mie nikabaki na kazi, na woga wangu ukaanzia hapo. Bi Lian akibonyeza, watu walisema ni mambo ya kwao Uchina. Nikibonyeza mie, waliulizana: mbona hasomi dua, mbona hatoi dawa, anawafanya nini watu?

Jirani yangu, Zuhura binti Kondo, alikuwa akishikwa na mtetemeko, pumzi zinambana, anasema anakufa. Fundi Sefu, mganga wa pepo, alishawaagiza nduguze Zuhura ngoma na mbuzi. Nikawa nambonyeza Zuhura kila asubuhi, akatulia, akasema ngoma haitaki tena. Fundi Sefu akaenda kwa jumbe kushtaki: Tatu mchawi, kamfunga Zuhura mkononi.

Siku zile aliyethibitika barazani kuwa mchawi alipelekwa kwa Mzungu, na wengine walihamishwa mbali, hawakurudi kwao. Nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Nilipofika barazani kwa Jumbe Mwinshehe, niliketi mkekani mbele yake.

"Wee Tatu, unawafanya nini wake za watu?"

"Nawabonyeza, bwana jumbe. Basi."

"Basi?" Fundi Sefu akadakia. "Mie nina ngoma, nina ubani, nina mbuzi. Huyu ana dole gumba!"

Watu wakaangua kicheko. Jumbe naye akacheka, akakunja mkono wa kanzu. "Haya, nibonyeze mie. Tuone kama nitageuka paka."

Nikaupokea mkono wake. Nikatafuta zile kano mbili, nikaweka dole, na nusura niuachie. Mshipa wa jumbe ulikuwa unapiga kama kuku anayekimbizwa. Kiganja kimelowa jasho. Usoni anacheka, mkononi ananiogopa. Yule wa kunihamisha Kawe aliamini naweza kumuua pale pale!

Nikainamisha macho. Ningesema, watu wangemcheka yeye, naye asingenisamehe. Ningeuachia, wangesema nimekwishamroga. Basi nikabonyeza, nikavuta pumzi ndefu ili naye avute, huku mwanangu ananililia mgongoni. Watu wakaanza kukohoa. Mwishowe jumbe akashusha pumzi.

"Huyu mkandaji tu," akasema. "Aende akanyonyeshe."

Nilikuwa nimekwishavaa kandambili zangu aliponifuata kando, peke yake.

"Umeona nini mkononi mwangu?"

"Mkono, bwana jumbe."

Akanitazama sana. "Ubaki kuwa mkono."

Tangu hapo nikimwona njiani nilikata uchochoro mwingine. Kama siku moja habari ya hofu yake ingevuja, angejua imetoka kwa nani. Hatimaye nikahamia Temeke, nikabonyeza waliojifungua na wafiwa miaka mingi, mpaka viungo vya vidole vikanikatalia. Hata huko mlango ukibishwa, kwanza nilichungulia.

Jumbe kafariki zamani, Mungu amrehemu, ndiyo maana naweza kuwaeleza. Juzi mjukuu wangu Rukia kataka nimfundishe. Nimemkata kucha, nimempa mkono wangu ajaribu. Akatafuta kano, akazipata, akaweka dole. Wakati ule ule mtu akabisha hodi mlangoni.

"Bibi," Rukia akashtuka, "mbona mshipa unapiga mbio hivi?"

"Bonyeza, mama," nikamwambia. "Usiseme."