Jina Alilopewa Kobelo

Jirani yangu hapa Bigwa hupika pombe. Akianika kimea cha mtama juani, harufu yake, tamu kidogo na chachu kidogo, kama nguo iliyoloana ikasahauliwa, huja mpaka chumbani kwangu, nami huinuka nikafunga dirisha. Yeye hucheka na kusema kwamba dini imenizidi. Simjibu. Ninyi nitawaambia, maana hamnijui, na anayesoma hawezi kunikatiza.

Kimea cha kwanza kukijua kilianikwa uani kwetu, upande ule wa Uluguru unaotazama Kisaki, wakati wa Mjerumani, vita vikiwa vimeshaanza. Aliyekianika ni shangazi, dada wa baba. Ilikuwa pombe ya sherehe ya kumpa mwanawe, Kobelo, jina la marehemu baba yangu.

Kwanza niseme nani alimuua baba, kwa sababu watu wa siku hizi wanasema vita, vita, kana kwamba vita ni mtu mwenye mikono.

Akida wa serikali alituma amri kwamba kila jumbe wa kijiji atoe wanaume wa kubeba mizigo ya Wajerumani kwenda Kisaki. Jumbe wetu alikuwa Mwinshehe. Katika nyumba zetu alitakiwa atoe mtu mmoja, na mwenye mabega ya kubeba alikuwa Kobelo. Hilo lilijulikana. Lakini Kobelo alikuwa amemchumbia binti wa Mwinshehe. Basi asubuhi askari walipofika, Mwinshehe akainua fimbo yake akaielekeza kwa baba yangu, Mloka, aliyekuwa akikohoa tangu mvua za vuli.

"Mimi, jumbe?" baba akauliza.

"Wewe. Kwani nimemwonyesha nani?"

Kobelo alikuwa amesimama nyuma ya kihenge cha mahindi. Nilimwona. Wakamfunga baba kamba na wenzake, wakateremka naye.

Hakurudi. Aliyerudi ni Salumu, waliyefungwa naye kamba moja, miguu imevimba kama viazi vikuu. Akakaa mlangoni, akamwambia mama kwamba Mloka aliharisha damu njiani, akaanguka kabla ya Kisaki, na mzigo wake ukaongezwa juu ya wake yeye Salumu.

"Mlimzika?" mama akauliza.

Salumu akaitazama miguu yake. "Askari alisema twende, shemeji. Tulimfunika majani."

Mama akamletea uji, akaunywa wote. Sikumbuki kulia. Nakumbuka kwamba uji ule ulikuwa umeingia majivu, na kwamba hatukuwa na mwingine.

Mama alikuwa Mkristo, jina lake Monika. Baba alikuwa bado anajifunza dini. Angekuwa amebatizwa Pasaka iliyotangulia, lakini mwalimu wetu wa dini, Damiani, alimrudisha nyuma mwaka mzima kwa kukosa masomo wakati wa kupanda. Baba hakukasirika. Alisema tu, "Damiani anadhani mahindi anayokula yanajipanda." Sasa mama akaenda kwa huyo Damiani, mimi nimeshika nguo yake nyuma. Tulimkuta anakula. Tukamsubiri anawe.

"Mwalimu, mtu asiye na kaburi anafufukaje?"

"Siku ya mwisho Bwana ataita, Monika. Aliye kaburini, aliye majini, aliye porini, wote watasikia, watatoka."

"Ataita kwa jina?"

"Kwa jina, ndiyo." Alikuwa anatafuta kitu kwenye meno.

"Na asiyebatizwa?"

"Huyo tunamwachia Mungu. Jina la Kikristo hana. Ataitwa kwa hilo alilo nalo."

Alijibu vile ili tuondoke. Lakini mama aliondoka mgongo umenyooka. Njiani akaniambia, "Umesikia? Baba yako anacho cha kuitiwa." Mwili ulikuwa umebaki porini, ubatizo Damiani aliuzuia, na baba mwenyewe alikuwa ameshatolewa na Mwinshehe. Jina ndilo lililosalia.

Tukafika nyumbani, tukakuta kimea uani.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mtu mzima akifa, jina lake haliachwi lipotee. Ukoo hupika pombe, humketisha mpwa wa marehemu mkekani, humpa shoka la mjomba wake na jina la mjomba wake. Kuanzia hapo yeye ndiye. Watoto wa marehemu humwita baba. Ilikuwa namna ya wazee wetu ya kukikatalia kifo, na leo siichukii. Mama mwenyewe alikuwa ameona majina mengi yakipewa watu, akala na kucheza. Siku ile alikaa ndani akisikia harufu ile.

Pombe ilipoiva watu wakajaa. Kobelo alikuwa ameshaketi mkekani na shoka la baba mapajani. Mwinshehe amewekewa kiti kama mkwe. Mama akaingia katikati.

"Shoka mpeni," akasema. "Shamba mpeni. Hata nyumba ninayolala mpeni. Jina liacheni."

"Wifi," shangazi akasema, "jina ni la ukoo wetu. Wewe na binti yako ni watu wa ukoo mwingine. Umekuja kunywa au umekuja kutufundisha?"

"Nimekuja kuuliza. Bwana akiita Mloka siku ile, wataitika wangapi?"

Mzee mmoja aliyeiwahi pombe akapaza sauti, "Ataitika aliye karibu! Wa Kisaki ana mlima wa kupanda!"

Walicheka, wee! Shangazi naye akacheka, kisha akajifuta macho, maana huyo wa Kisaki alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Mama akamgeukia Kobelo. "Damiani anatuambia Bwana alikufa badala yetu. Sawa. Lakini yule alikubali. Mume wangu aliulizwa na nani?"

Kobelo alikuwa anatazama shoka. Mwinshehe akasema, "Mwondoeni, ana msiba." Wanawake wakatutoa taratibu, wakimshika mama mabega kama mgonjwa. Tulikuwa hatujafika kwetu nikasikia wakiita, "Mloka!" na Kobelo akaitika. Hakuitika kwa nguvu.

Pasaka ikaja na mvua zake. Asubuhi kengele ya misheni ilipolia, watu wakateremka na nguo safi, wakikwepa matope. Mama hakwenda. Alinishika mkono tukapanda juu, penye migomba ya mwisho, mahali ambapo siku ya uwazi unaona bonde lote la kuelekea Kisaki. Siku hiyo palikuwa na ukungu mtupu. Nguo yangu iliniganda mgongoni, ardhi ikinuka maharage yaliyooza.

Kule milimani watu huitana kutoka mteremko mmoja hadi mwingine. Hakuna anayevuka bonde kwa ajili ya neno moja. Mama akaweka mikono mdomoni, akaita.

"Mlokaaa!"

Nadhani alitaka kumwambia asiogope, kwamba jina bado ni lake. Hakupata nafasi. Ndani ya ukungu, chini yetu, mwanamume akaitika.

"Naaam!"

Mama akageukia kule sauti ilikotoka.

Tukasikia mtu anapanda mbio, anateleza, anainuka. Alikuwa Kobelo, matope hadi magotini, jembe mkononi. Alikuwa anapalilia maharage.

"Umeniita, mkazamjomba? Mtoto ameumia?"

"Sikukuita wewe."

"Nimesikia jina."

"Ndiyo," mama akasema. "Umesikia jina."

Kobelo akatazama upande wa Kisaki, ambako hapakuonekana kitu. Akalaza jembe chini, akaketi mbali kidogo nasi, tukanyeshewa wote watatu. Hakusema pole. Mpaka anakufa hakuisema, na mimi sikuingoja.

Mama hakuliita tena jina lile, hata kwa kusimulia. Kwa miaka mingi nilidhani ni hasira. Niliwahi kumweleza padri mmoja swali la mama, wataitika wangapi, akaniambia kwa upole kwamba Mungu hachanganyi watu. Nikamwambia najua. Mama naye alikuja kulijua hilo, si jambo gumu.

Nilichokuja kuelewa nikiwa nimeshazika wangu ni kingine. Kobelo na baba walikuwa na sauti moja. Mpwa na mjomba, si ajabu, ila mimi mtoto sikuwahi kuzisikia hivyo mpaka ukungu ulipomficha mwenye sauti. Mwenzangu unayesoma, Damiani alitufundisha ufufuko tangu nikiwa mgongoni, kwa maneno ya kukariri na fimbo. Mimi niliuona mara moja, mtu alipoitika, nikaona ulivyo usoni pa mama. Haukukaa.

Kila Jumapili kanisani, kwenye sala ya Nasadiki, wakifika kwenye ufufuko wa miili, midomo yangu husema pamoja nao. Moyoni hapasemi kitu, nami nimeacha kujilazimisha. Lakini nilikuwepo mama alipogeuka. Kabla hajakumbuka kwamba mumewe amekufa, alikuwa ameshainua mkono kumpungia, amwonyeshe njia ya kupandia.