Huyu Mwizi Ni Wangu

Iko siku moja ambayo hainitoki, mwanangu, na nitakusimulia nikiwa na hasira, kwa hiyo usisubiri nikupambie maneno. Nilikuwa mke mpya hapa kijijini, upande huu wa Igamba, sijamaliza hata msimu wangu wa kwanza wa kahawa. Tulikuwa shambani tunachuma, mara tukasikia kelele za vijana barabarani. Sisi wanawake tukaacha vikapu tukaenda kuangalia. Kahawa haikimbii, ugomvi huisha.

Katikati ya vijana alikuwa amesimama Yona, mdogo wake mume wangu, na mfuko wa nguo mkononi. Ndiyo kwanza alikuwa anatoka gerezani. Alifungwa kwa kuiba kahawa kavu ya jirani yetu, Mzee Simoni. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona, maana niliolewa yeye akiwa ndani. Sungusungu wetu walikuwa wamemzunguka na marungu, wanamwambia asigeuze uso huku, anyooshe na barabara mpaka Tunduma, huko mpakani ndiko kwenye watu wa aina yake. Mume wangu alikuwapo. Ndugu yake wa tumbo moja! Akawa anatazama vidole vya miguu yake. Nilimpenda mume wangu mpaka nikamzika, lakini siku ile nilimdharau.

Ndipo akatokea Mzee Simoni mwenyewe, katoka kuchuma, mikono bado inanata. Alikuwa mtu mfupi, mchache wa maneno, na kanisani alikuwa anasinzia kabla mahubiri hayajaanza. Vijana wakampisha. Walijua sasa ndiyo Yona atakiona cha moto.

"Kahawa iliyoibwa ilikuwa ya nani?" akauliza.

Vijana wakashusha marungu.

"Nauliza, ilikuwa ya nani?"

"Yako, mzee," akajibu kiongozi wao.

"Basi hata huyu mwizi ni wangu. Wewe wa kwako yuko wapi? Kama huna, nenda kalime."

Akamshika Yona mkono kama unavyomshika mtoto mnapovuka barabara, wakaenda zao.

Mwanangu, wewe umezaliwa mambo haya yameshaanza kusahaulika, kwa hiyo nikuambie tulivyokuwa tukifanya. Mtu aliyetoka kifungoni, ugali wake wa kwanza haukupikwa kwao. Ulipikwa kwa yule aliyemkosea. Wala haukuwa ugali wa kumbembeleza, maana mke wa Mzee Simoni alimtolea maharage na maneno makali kwa pamoja, na Yona akala vyote. Kesho yake akapelekwa kuchuma kahawa ileile aliyoiiba, akapangwa katikati ya watu, si pembeni. Kibarua wa kulipwa hupimiwa debe lake peke yake. Yona hakupimiwa. Kikapu chake kilimwagwa kwenye lundo moja na vikapu vyetu, na baada ya hapo nani angeweza kusema punje hii ni ya mwizi na hii ni ya mlokole? Alichuma msimu mzima. Baadaye akaoa, akagombana na watu kuhusu mipaka, akanywa pombe sikukuu za Krismasi na siku nyingine ambazo hazikuwa Krismasi. Hakuwa malaika. Lakini hakuiba tena, na amelala makaburini petu, si kwa watu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wazee walisema hivyo na wakaishi hivyo.

Sasa nije kwako, mwanangu, wewe uliyechaguliwa kuongoza kamati ya mradi kwa sababu umesoma na unajua kuongea na wageni. Serikali ilipotuambia kwamba imetenga fedha za usalama wa kijiji na za kuwarejesha nyumbani waliomaliza vifungo, nani alipiga vigelegele mkutanoni? Mimi. Nilisema hatimaye wakubwa wamekumbuka kwamba mtu akitoka jela anahitaji mahali pa kwenda. Sikujua kwamba nashangilia harusi ya jirani.

Mmejenga kibanda cha walinzi, sawa. Mmenunua makoti yanayong'aa, tochi na filimbi. Sikatai, kahawa inaibwa, hata mimi nimeibiwa. Ila ile sehemu ya pili, ile ya kumrejesha mtu, mmeifanyia nini? Mmefanya semina. Mmekunywa soda. Halafu mkashona fulana.

Ezekia ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi. Mama yake ni mjane, tunapakana mashamba. Alifungwa kwa kuiba kahawa iliyokuwa inakauka kwenye vichanja vyangu. Vyangu mimi, mwanangu! Nilitoa ushahidi mahakamani na mkongojo wangu huu mkononi, na nilisema kweli tupu. Aliporudi, kuna mtu wa kamati aliyekuja kuniuliza, bibi, wewe uliyeibiwa unasemaje? Hata mbuzi akila mahindi, mwenye mahindi huitwa kwanza.

Siku ya uzinduzi mkafunga turubai, mkaleta muziki na mgeni rasmi. Mkamwita Ezekia mbele ya watu wote, amevaa fulana yenu, mkamgeuza ili mgeni asome mgongoni: NILIKUWA MHALIFU, NIMEBADILIKA. Watu wakapiga makofi. Mkampiga picha upande wa mbele, mkampiga upande wa nyuma. Mama yake alikuwa amekaa karibu na mimi. Alijifunika uso kwa kitenge mpaka sherehe ikaisha, na mimi nikawa namshika goti tu.

Hivi wewe, mwanangu, uongo wako wote uliowahi kusema, ukishonewa mgongoni, utatoka nyumbani?

Nikaona mradi ni wenu, lakini mwizi ni wangu. Nikapika ugali, nikamwita Ezekia, nikamsema mpaka sauti ikakauka, akala. Asubuhi akaja kuchuma. Nikampanga katikati ya wajukuu zangu. Jua lilikuwa halijapanda vizuri, wakatokea vijana wenu wawili na makoti yao.

"Shikamoo bibi. Huyu haruhusiwi kuingia mashambani msimu wa mavuno."

"Marahaba. Nani kasema?"

"Kamati, bibi. Mradi una masharti."

"Na shamba hili ni la nani?"

"La kwako, bibi. Lakini jamaa ana rekodi. Kitu kikipotea tutaulizwa sisi."

Nikawaambia kikipotea kitakuwa changu kilichopotea, kama kile cha kwanza. Wakapuliza filimbi. Mchana kweupe, mwanangu, wakampulizia mtu anayechuma kahawa kwa mwaliko wa mwenye kahawa! Majirani wakatoka mbio na majembe wakidhani ameshikwa tena. Ezekia akaweka kikapu chini. "Acha tu, bibi," akasema. "Nisikuletee matatizo." Akapita katikati ya mibuni akaondoka, wajukuu zangu wakimwangalia.

Nilikuja kwako jioni ileile, hukunipa hata kiti. Ukaniambia niwe mvumilivu, taarifa imeshatumwa juu, kijana amehesabiwa kuwa amerejeshwa. Amerejeshwa wapi? Akufukuzaye hakuambii toka. Ninyi hamkumwambia, ila sasa yuko Tunduma. Analala uvunguni mwa malori yanayosubiri kuvuka, anabeba mzigo wa yeyote anayemwita, na pale mpakani upo mzigo ambao mbebaji haulizi ndani kuna nini. Siku mzigo huo utakapokamatwa, mwenyewe atakuwa amevuka zamani, na Ezekia ndiye atakayerudi jela. Mama yake anajua hivyo. Kila usiku mbwa wakibweka anafungua mlango, anasimama, anafunga.

Nyumba njema si mlango. Mradi wenu una mlango mzuri sana, una bango, una rangi, lakini ndani hakuna mtu. Fedha ya serikali haina kosa. Ingeweza kumnunulia Ezekia mkasi wa kupogolea mibuni, ingeweza kumlipa fundi amfundishe kazi, ingeweza kumlipia nauli mama yake akamwone mwanawe kifungoni kabla hajawa mgeni kwake. Mlichokosa ni akili ya Mzee Simoni, ambaye hakujua kusaini jina lake.

Sasa nisikilize, maana hasira bila neno ni kelele. Ukipewa dhamana ya kumrudisha mtu nyumbani, anza kwa aliyeumizwa. Mwulize, na akikataa usimlazimishe, kaa naye tena kesho. Wapo wenye haki ya kukataa, na kidonda chao nacho ni mali ya kijiji. Akikubali, mwachie njia, usisimame katikati na filimbi. Kosa la mtu hakimu ameshalisoma na yeye ameshalilipa, huna kazi ya kulisoma tena kwa wageni. Na ukitaka usalama wa kweli, mtafutie kazi katikati ya watu. Mtu aliyesukumwa pembeni huiona vizuri njia ya kuingilia gizani, lakini aliye katikati anaona watu, na watu wanamwona. Mcheza kwao hutunzwa, ila kwanza aachwe acheze.

Na kwa sababu neno bila kazi ni kelele vilevile, kesho panda gari uende Tunduma. Wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mtafute kwenye malori mpaka umpate, na atakapokutukana, kaa utukanwe, umeyataka. Usimpelekee fulana. Usimpige picha. Mwambie ulikosea, kisha mwambie kahawa yangu imeiva na inadondoka, na bibi aliyemfunga anamsubiri. Akikataa, rudi peke yako, na keshokutwa uende tena.

Nimemaliza, na hasira yangu haijaisha, lakini mtoto hatolewi nyumbani kwa mzee bila kuombewa. Mungu akupe afya, mwanangu. Akupe mvua kwa wakati, na mke mwenye akili kukuzidi. Aulinde uingiaji wako na utokaji wako. Ila usingizi akunyime, hata lepe moja, mpaka mama yake Ezekia awe amepata wake.