Bahari ya Mwanne Sebuleni

Mkonze nzima ilishajua kwamba Matonya ana bahari sebuleni. Nani angeacha kujua, na mwenyewe alimtangazia hata mteja aliyekuja kukatiwa kioo cha dirisha? Mgogo yule, ambaye maji mengi aliyoyaona utotoni ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe, alimuundia mkewe tangi la samaki wa maji ya chumvi, maana Mwanne ni wa Pangani na tangu aolewe analalamika kwamba Dodoma hata upepo ni mkavu.

Walianza na samaki wawili aliowanunua Tanga, wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe. Mmoja akafa. Mwanne hakulia. Alisema tu, "Huyu naye akifa, hilo tangi liuze. Usiniletee mwingine."



Pembeni Matonya alikuwa ameunga tangi dogo la mwani, pampu inazungusha maji huku na huku. Mwani unakula uchafu wa samaki, maji yanabaki safi. Nao ulistawi haswa, umesokotana kama nywele zisizochanwa. Lakini kila alfajiri samaki alikutwa juu kabisa ya maji, anahema.

"Taa ya mwani unawasha saa ngapi?" Mwanne akauliza.

"Mchana, pamoja na ya samaki. Jioni nazima zote. Malisho ni mchana, mama. Nani anachunga usiku?"

"Na yule aliyekuuzia samaki alisemaje?"

Muuzaji alisema mwani ukipata mwanga unatoa hewa, gizani nao unaivuta. Kilichofuata Matonya hakukisikia, alishasema "najua" jamaa akiwa katikati ya maneno.

Akakaa mbele ya tangi, kidevu mkononi. Kwao Chamwino ndama hawachungwi na mama zao. Hawa wakitoka, wale wanabaki, la sivyo maziwa yote yanaishia porini.

"Zamu," akasema.

"Zamu gani tena?"

"Wewe kaa utazame Mgogo anavyochunga bahari."

Akageuza saa ya swichi inayowasha na kuzima taa. Taa ya samaki ikizimika jioni, ya mwani inawaka mpaka asubuhi, ili hewa isikatike gizani.

Kesho yake samaki alihema bado, ila si kwa kasi ile. Matonya hakumsimulia mtu. Wiki ile wateja walidhani anaumwa.

Alfajiri moja Mwanne akatangulia kuamka. Matonya akajifanya amelala, anasikiliza kandambili zake zikienda sebuleni. Zikasimama. Matonya akajifunika shuka usoni.

"Matonya. Njoo."

Samaki alikuwa chini, anazunguka jiwe lake kama mwenye nyumba.

"Mimi nilisema," Matonya akaanza, kifua mbele. "Pwani nzima hakuna fundi wa…"

"Nyamaza kwanza." Mwanne alimshika mkono, macho yakiwa kwenye kioo. "Ukienda tena Tanga, mletee mwenzake. Ugenini hakukaliki peke yako."