Jiko la Mkaa Chumbani kwa Mzazi

Upepo wa Singida mwezi wa saba hauna adabu. Unapita chini ya mlango, unapenya kwenye bati, unakufuata mpaka ndani ya blanketi. Nilikuwa na wiki moja tu tangu nijifungue mtoto wangu wa kwanza, wa kiume. Mama mkwe alikuwa ametoka Mungaa kuja kunitunza, maana mume wangu alikuwa Iguguno akinunua alizeti.

Kwao mzazi haachwi apigwe na baridi. Kila asubuhi, akishanikanda kwa maji ya moto, aliwasha jiko la mkaa uani, akalipepea mpaka moshi uishe wote na mkaa uwe mwekundu, ndipo akaliingiza chumbani. Kwenye habari ya moshi hakuwa na mzaha. "Moshi utamuua mjukuu wangu," alisema. Siku hiyo upepo ulizidi. Akaziba dirisha kwa kanga, akafunga mlango na kusukumia gunia chini yake kwa nje, akaenda kunikorogea uji.

Joto lilikuwa tamu, sitadanganya. Nikasinzia.

Nilipozinduka kichwa kilikuwa kinapasuka na moyo unakwenda mbio. Mtoto alikuwa kifuani, kimya. Nikambonyeza shavu, nikamtekenya unyayo. Hakushtuka. Nikataka kusimama, miguu ikagoma. Nikataka kuita, sauti haikutoka. Mungu wangu, niliogopa! Nikamkumbatia kwa mkono mmoja, nikajiburuza sakafuni kwa kiwiko mpaka mlangoni, lakini kitasa sikukifikia. Nikaugonga mlango kwa ngumi.

"Nakuja mwanangu, uji bado haujaiva," mama mkwe alijibu kwa upole.

Nikagonga tena. Nikagonga kwa kichwa. Alipofungua alinikuta nimelala kizingitini, akamnyanyua mtoto, akamtazama usoni. "Mbona huyu hana neno? Ona midomo ilivyo myekundu. Amenawiri." Kisha kichwa cha mtoto kikaanguka upande, naye akapiga yowe mpaka bodaboda wa nje wakaja mbio.

Hospitali walituwekea hewa ya oksijeni, mimi na mtoto. Muuguzi aliyekuwa zamu alitueleza taratibu. Mkaa ni kaboni, alisema, na kaboni ikikosa hewa ya kutosha haiungui ikaisha vizuri. Inatoa hewa ya sumu isiyo na moshi, harufu wala rangi. Sumu hiyo inashika damu pale ambapo oksijeni ingekaa, na wekundu ule wa midomo haukuwa afya. Kaboni mimi niliisoma mpaka kidato cha nne. Ilikuwa herufi C ubaoni. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ndiyo ile tunayoinunua kwa kopo.

Mama mkwe alisikiliza yote akiwa amesimama. "Lakini niliutoa moshi," alisema. "Niliutoa wote, mwanangu." Alirudia hivyo mchana kutwa, na mimi nilikuwa nataka anyamaze.

Jioni mtoto akalia. Kilio chembamba, cha hasira, kizuri kuliko chochote nilichowahi kusikia. Mama mkwe akaja mbio, machozi yanamtoka, akanyoosha mikono ampokee. "Nipe, mama, nimbembeleze, upumzike."

Nilijua hana kosa. Nilijua alivyonipenda. Sikumpa.